Ahadi ya Posa na Siku Sita za Baridi Barabarani



Siku hizi karibu kila posa ya Unguja na Pemba ina sentensi moja inayopita haraka, kati ya mazungumzo ya mahari na ya tarehe ya harusi. Mzee wa upande wa mke husema, "Na mtoto wetu anapenda kuendelea na masomo." Mzee wa upande wa mume huitikia, "Hapana tabu, atasoma in shaa Allah." Kahawa inamiminwa, halua inapita, mazungumzo yanakwenda mbele. Sentensi ile imeshakuwa ahadi, lakini hakuna aliyeuliza atasoma wapi, atasoma lini, atalipa nani, na nani atamfuata nani.

Kwetu ilisemwa vivyo hivyo. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu ndipo tulipoamua kuikalia kitako ahadi ile. Wiki ya pili ya Disemba tukafunga safari ya gari ya siku sita, zaidi ya kilomita 1,500, kwenda kuviangalia vyuo vinne kwa macho yetu. Wengi mlituomba tuwasimulie, khasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa, na leo tumepata wasaa.

Sisi ni mke na mume, tunaishi Leicester, katikati ya England. Tunaandika pamoja, ndio maana mtasoma "sisi" kila mahali. Pale ambapo mmoja wetu alisema au alifanya lake, tutasema tu "mke" au "mume".

Kwa nini mwani

Mke ni mtoto wa Jambiani, na mama yake ni mkulima wa mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Mwani ukishakaushwa husafirishwa nje, na huko hutolewa kitu cha kufanya aiskrimu na dawa ya meno ziwe nzito. Fedha za mwani ndizo zilizonunua sare za skuli za mke, madaftari yake, na sehemu ya vyombo alivyotoka navyo kwao.

Aina zinazolimwa zaidi kwetu ni mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, na ndiyo dhaifu. Maji ya pwani yamezidi joto. Unaamka asubuhi unakuta kamba nzima imegeuka nyeupe, mwani umekatika na umechukuliwa na maji. Moja ya dawa zinazotajwa ni kulima kwenye kina zaidi ambako maji ni baridi. Lakini kina kinataka chombo, na kinataka mtu ajue kuogelea, na mama zetu wengi hawakufunzwa kuogelea.

Mke anataka kulisoma tatizo hilo hilo, si jengine. Kwa hivyo hatukuwa tukitafuta chuo chenye jina la kutajia watu harusini. Tulikuwa tukitafuta mahali panapoujua mwani.

Kwa nini tuende wenyewe, tena wakati wa baridi

Kwenye simu kila chuo ni kizuri. Picha zote zimepigwa siku ya jua, wanafunzi wamekaa kwenye majani wanacheka. Sisi tulijiambia kuwa mtu wa kisiwani akitaka kuujua mji wa huku, auendee Disemba, saa kumi za jioni, giza limeshaingia na mvua inakuja kwa ubavu. Ukiweza kusema hapo "naweza kuishi hapa", basi unaweza.

Na kuna jambo la pili. Wanazuoni wamesema neno *safar* lina asili ya kufunua, kwa sababu safari hufunua tabia za watu. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) hakuridhika na mtu aliyemsifu mwenzake mpaka amuulize kama amewahi kusafiri naye. Sisi tulishaishi nyumba moja miaka miwili na zaidi, lakini nyumbani kila mtu ana kona yake. Kwenye gari dogo, na hita ikivuma, hakuna kona.

Matayarisho yetu yalikuwa haya. Vyuo vyote tuliviandikia barua pepe mwezi mmoja kabla na kuomba miadi, maana siku rasmi za kupokea wageni hazikuwa zikilingana na ruhusa ya mume kazini; yeye ni dereva wa basi la abiria. Gari tulilipeleka kwa fundi, akaangalia betri na akatubadilishia tairi mbili zilizolika. Tukatia maji ya kioo yasiyoganda, mablangeti mawili, koleo, tochi na chaja. Chakula tulichukua visheti, mkate wa kumimina, tende, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mke alishona pindo la abaya yake ya sufi likaja juu ya kifundo cha mguu, chini yake suruali ya joto na viatu vya buti. Abaya inayoburuta kwenye theluji huroa mpaka magotini, na haikauki siku nzima.

Bangor: kisiwa cha kwanza

Tuliondoka Jumapili baada ya Alfajiri na mchana tukawa Bangor, kaskazini ya Wales, mwendo kama wa kilomita 240. Asubuhi ya Jumatatu tukavuka kwenda Anglesey. Anglesey ni kisiwa, na mlango wa bahari unaokitenga na bara una daraja la minyororo lililofunguliwa mwaka 1826. Idara ya sayansi ya bahari ya Chuo Kikuu cha Bangor iko upande wa kisiwani, chini kidogo ya daraja hilo, na wana meli yao ya utafiti iitwayo Prince Madog.

Tulipokewa vizuri. Tuliuliza maswali yetu kutoka kwenye daftari: masomo ni miezi mingapi, mwanafunzi anaingia baharini mara ngapi, utafiti wa mwisho unaweza kufanyiwa Zanzibar au lazima uwe hapa. Mume aliuliza la kwake, ambalo hakuna kipeperushi kinacholijibu: "Mwanafunzi akitoka maabara saa moja usiku, basi la mwisho la kumrejesha nyumbani ni saa ngapi?" Yule mama aliyetupokea alicheka, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, kisha akachukua simu akaangalia.

Bangor ni mji mdogo, kodi yake ni nafuu kuliko miji mikubwa, Waislamu wapo na pa kusalia papo. Zaidi ya yote ni karibu. Mume anaweza kumaliza zamu yake Ijumaa mchana na usiku akawa kwa mkewe. Tulipoingia garini tulikuwa na furaha ya utulivu, ile ya mtu aliyepata kiatu kinachomtosha dukani pa kwanza. Lakini mwani haukuwa ndio kazi yao kubwa. Tuliliona hilo sote, na hatukulisema.

Theluji ya Shap

Kutoka Bangor mpaka Glasgow ni kama kilomita 430, na sehemu kubwa ni barabara kuu ya M6. Mahali paitwapo Shap barabara hupanda mlimani, na hapo ndipo theluji ilipotukuta. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ikija moja kwa moja kwenye kioo, na malori yalikuwa yakirusha tope jeupe. Mume alitaka tuendelee ili tufike kabla ya usiku kuwa mkubwa. Mke alitaka tutoke kwenye kituo cha mapumziko kinachofuata.

Tulikuwa na kanuni tuliyoipanga kabla ya kuondoka: katika mambo ya barabara, anayeogopa ndiye anayesikilizwa. Hata kama mwengine ana hakika. Hata kama mwengine ni dereva wa kazi. Basi tukatoka, tukasali Magharibi na Isha pamoja, tukanywa chai, tukasubiri saa moja na nusu. Tuliporudi barabarani gari la chumvi limeshapita na njia imefunguka.

Tunaitaja kanuni hiyo kwa sababu ilitufaa kuliko blangeti. Ugomvi mwingi wa njiani hauhusu njia. Kila mtu anataka ionekane kuwa rai yake ina uzito. Mkikubaliana kabla, wakati wa hofu hakuna wa kushindwa.

Glasgow tulifika saa nne usiku. Asubuhi, kabla ya kuondoka, tuliupita msikiti wake mkuu kando ya mto Clyde, tukakaa kidogo. Baada ya siku mbili za kusali vyumbani na pembeni ya magari, kusikia watu wakiitikia "Aamin" kulitupa nguvu.

Oban: mahali panapoujua mwani

Barabara ya kutoka Glasgow kwenda Oban inafuata ziwa Loch Lomond kwa muda mrefu, kisha inaingia milimani. Ni kama kilomita 150 tu, lakini kwa baridi huhesabu kilomita, huhesabu kona. Milima yote ilikuwa nyeupe na maji ya ziwa meusi kama wino. Tulikwenda polepole, hatukusema mengi.

Karibu na Oban, mahali paitwapo Dunstaffnage, ndipo ilipo SAMS, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Scotland, ambayo asili yake ni mwaka 1884. Inafundisha chini ya Chuo Kikuu cha Highlands and Islands, yaani chuo cha Nyanda za Juu na Visiwa. Jina hilo peke yake lilimchekesha mke: hatimaye chuo kilichotuweka na sisi kwenye jina.

Hapo, dada zetu, hatukuwa na haja ya kueleza. Mtafiti aliyetupokea aliposikia Jambiani alitamka neno "mwani" sawasawa, na akauliza habari ya kotonii kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa anayemjua. SAMS imefanya utafiti wa mwani pamoja na watafiti wa Tanzania. Wana hifadhi ya maelfu ya mbegu za mwani mdogo mdogo ulio hai kwenye vichupa, na wana mashamba ya majaribio baharini. Mwani wao mkubwa ni wa maji baridi: kamba zinatiwa baharini baridi inapoingia, na mavuno ni majira ya kuchipua. Kwetu mwani unakufa kwa joto. Kwao unaisubiri baridi ndipo uote. Mke alisimama mbele ya matangi yale akiuliza swali baada ya swali, na daftari lilijaa.

Tulipotoka nje ilikuwa haijafika saa kumi alasiri na jua limeshazama. Tulitafuta chakula cha moto. Oban ni mji wa bandari na samaki ni wengi, lakini tahadhari moja kwenu: samaki na chipsi za huku uliza kwanza zinakaangwa kwa mafuta gani, maana pengine ni mafuta ya ng'ombe ambaye hatujui amechinjwaje, na uliza kama unga wa samaki umechanganywa na bia. Waulize bila haya, wamezoea. Sisi tulipata samaki wa kuchoma na viazi.

Usiku ule tukaja juu ya jambo lenyewe. Chumba tulichokodi kiliandikwa mtandaoni kuwa kina joto, na hita yake haikuwaka. Mwenyewe alipigiwa simu mara tatu bila kupokea. Tukavaa makoti, tukajifunika mablangeti ya gari, na hapo, pua zikiwa baridi, tukazungumza.

Mume alisema ukweli wake. Leicester ana zamu ya kudumu, na kwa mshahara ule anamtumia mama yake Wete kila mwezi. Kutoka Leicester hadi Oban ni safari ya siku nzima. Akihama ataanza upya. Asipohama, watakuwa wameoana kwa simu. "Na hapa," alisema, "ukiumwa usiku, nani atakuletea uji?"

Mke naye alisema wake. Kwamba Bangor inamtosha mume, inaitosha ndoa, inatosha fedha. Lakini mwani uko hapa. Kwamba anaogopa akienda mahali panapofaa nusu, atarudi kwa mama yake na majibu ya nusu. Na kwamba anaogopa zaidi kuwa mwanamke ambaye kila akikasirika atasema, "Ningesoma pale."

Katikati ya maneno hayo simu ikalia: mama mkwe, kutoka Wete. Kawaida yake huuliza baridi, huuliza chakula, kisha huuliza, "Na habari nyengine?" na sote tunajua ni habari gani. Safari hii mume akamwambia moja kwa moja tuko wapi na tunafanya nini.

"Sasa mwanangu, mkeo akija huko, wewe utapikiwa na nani?"

"Nitapika mwenyewe, mama. Wali naujua."

"Wali wako naujua mimi," alisema, tukacheka sote watatu. Kisha akanyamaza, tukadhani mtandao umekatika. "Lakini tulikubali mbele ya wazee," akasema. "Basi."

Hakusema zaidi, wala hatukumuongeza. Mtume wetu (s.a.w.) ameyataja masharti ya ndoa kuwa ndiyo yanayostahiki zaidi kutekelezwa kuliko masharti mengine. Tulikuwa tukilijua hilo kwa kulisoma. Usiku ule tulilisikia kwa mtu ambaye utekelezaji wake unamgusa mfukoni.

St Andrews, Cullercoats, na karatasi moja

Jumatano tukakata Scotland kutoka magharibi hadi mashariki. St Andrews ni chuo cha mwaka 1413, cha kwanza kwa umri huko Scotland, na taasisi yake ya bahari iko kando ya ufukwe. Ni pazuri sana, wanasoma mamalia wa baharini kwa undani, lakini kodi za nyumba zilitufanya tufunge daftari mapema. Tulishukuru, tukaendelea.

Alkhamisi ile tulifunga sote wawili, mke akilipa siku yake ya Ramadhani. Magharibi ilitukuta kando ya barabara ya A1, bahari ya kaskazini iko kushoto. Tukaegesha, tukafuturu tende na chai ya mwisho iliyobaki kwenye chupa.

Ijumaa tulikuwa Newcastle. Chuo Kikuu cha hapo kina maabara ya bahari, Dove, iliyojengwa mwaka 1908 kwenye ghuba ndogo ya Cullercoats. Kijiji hicho kilikuwa cha wavuvi, na wanawake wake ndio waliokuwa wakitafuta chambo ufukweni, wakitengeneza nyavu, na kubeba vikapu vya samaki kwenda kuuza. Mchoraji wa Kimarekani Winslow Homer aliishi hapo mwaka 1881 na 1882 akiwachora. Mke aliwaangalia wanawake wale kwenye picha, sketi zimepandishwa, vikapu mgongoni, akasema, "Hawa ni Jambiani walionyimwa jua."

Baada ya sala ya Ijumaa tulikaa mkahawani, tukachukua karatasi, na tukaandika tulichokubaliana usiku wa Oban na njiani. Tunawapa kama kilivyo:

Moja, tutaomba Oban na Bangor. Oban ikikubali na fedha zikatosha, ndiyo ya kwanza.

Mbili, mume atatafuta kazi ya udereva karibu na Oban tangu sasa. Leseni yake inakubalika huko. Asipoipata, atabaki Leicester, na hatutapitisha wiki tatu bila kuonana, nauli ikitengwa kabla ya kodi.

Tatu, fedha za mama wa Wete hazipungui. Tutapunguza kwengine.

Nne, mahari na dhahabu ya mke ni mali yake. Haitauzwa kwa ajili ya ada ila akitaka mwenyewe, na akiuza itaandikwa kuwa ni deni juu ya mume, isipokuwa mke aseme kwa ridhaa yake kuwa ametoa.

Tano, mtoto ni riziki ya Allah. Akija katikati ya masomo hakuna atakayesema amekuja vibaya, na masomo yatasimama kwa muda, hayatafutwa.

Tukatia saini zetu, tukaikunja, na usiku ule tukawa nyumbani.

Ibada njiani wakati wa baridi

Wengi huuliza tunasali vipi. Disemba huku Adhuhuri huingia kama saa sita na robo mchana, na Alasiri kabla ya saa nane. Magharibi kabla ya saa kumi. Ukizubaa mara moja zimekupita tatu. Kwa msafiri, Allah ametupunguzia: sala za rakaa nne tunazifupisha kuwa mbili, na tunakusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, kwa masharti yake, ambayo muulize sheikh wako kabla ya kuondoka. Kibla huku ni kusini mashariki, si kaskazini kama Unguja, kwa hivyo dira ya simu iwe tayari.

Udhu wa maji baridi ndio mtihani. Tulivaa khuffu, soksi za ngozi, baada ya kukamilisha udhu, na msafiri anaruhusiwa kupaka juu yake kwa siku tatu na usiku wake. Kwa mwanamke anayetia udhu kwenye choo cha kituo cha mafuta, hiyo ni rehema kubwa: huhitaji kuinua mguu kwenye sinki.

Na msiichukie baridi. Wema waliotangulia walikuwa wakiifurahia: mchana wake mfupi kwa mwenye kufunga, usiku wake mrefu kwa mwenye kusimama. Kama una siku za Ramadhani za kulipa na uko nchi hizi, Disemba ndio mwezi wako. Kutoka Alfajiri mpaka Magharibi hazifiki saa kumi.

Kwako bi harusi mtarajiwa

Usiogope kuonekana unataka mengi. Sentensi ya "atasoma" ni njema, lakini iongezee nyengine kabla ya akdi, kwa adabu na kupitia wazee wako: nataka kusoma nini hasa? Nitaanza mwaka wa ngapi wa ndoa? Ada ni juu ya nani, na kama ni juu yangu, kipato changu kitaachiwa kazi hiyo? Chuo kikiwa mbali, nani atamfuata nani, na kwa muda gani? Mtoto akija, nini kitasimama na nini kitaendelea? Mume mwema hatakimbia maswali haya. Atayapenda, kwa sababu yanamuonesha kitu anachoahidi.

Kama uko nyumbani na unafikiria kuja Uingereza kusoma, jua hili mapema: kwa masomo yaliyoanza tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani hawaruhusiwi tena kuja na mume au watoto kwa viza ya wategemezi. Wa shahada za utafiti, kama uzamivu, wanaruhusiwa, na pia baadhi ya wanaofadhiliwa na serikali. Ada ya mgeni nayo mara nyingi ni maradufu ya ada ya mwenyeji, au zaidi. Sheria hubadilika, basi thibitisha kwenye tovuti ya serikali yao kabla hujalipa chochote, na zungumza na mumeo kabla hujajaza fomu.

Na ikiwezekana, kitembeleeni chuo pamoja. Si lazima kiwe Scotland. Kama ni SUZA Tunguu, pandeni daladala nyote wawili siku ya mvua, mkae pale mpaka jioni, mrudi kwa foleni. Mtajua mengi kuhusu chuo, na zaidi kuhusu nyinyi.

Maombi yetu yote mawili tumeshayatuma na tunasubiri majibu. Tuombeeni Allah atuchagulie lenye kheri, nasi tunawaombea nyinyi wake na waume mnaosema kweli siku ya posa na mnaoikumbuka miaka mitatu baadaye. Allah awape wanaotafuta elimu njia iliyonyooka, awalinde njiani, na awarejeshe kwa ahali zao salama. Aamin.